Kuweka Si Kujenga

Neno walilotumia lilikuwa "asijenge". Nalikumbuka vizuri kwa sababu nililirudia mwenyewe mbele ya kikao, kwa sauti, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba sikulisikia. Mume wangu alikuwa na mwaka na miezi kaburini. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye mabenchi barazani kwangu, wakala mtori niliowapikia kwa mikono yangu, kisha mshili, mkuu wa ukoo wetu, akajifuta mdomo na kusema: "Mke wetu ataendelea kukaa na kulima kihamba cha marehemu. Ila asijenge."

"Nisijenge?" nikauliza.

"Usijenge."

Kwetu huku juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru, neno hilo halihitaji mwanasheria. Anayejenga ndiye mwenye shamba. Mimi nilikuwa na mabinti watatu, sikuwa na mtoto wa kiume, na nyumba yangu ya mbao ilikuwa imekwisha kuinamia upande wa mfereji. Kila mtu pale kikaoni aliiona ilivyoinama, maana walikuwa wameegemea ukuta wake. Hawakunifukuza. Walikuwa waungwana mno kunifukuza. Walikuwa wanaisubiri nyumba inifukuze kwa niaba yao, kisha kihamba, shamba letu lile la migomba, kiende kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyekuwa na wana wanne na shamba lililopakana na letu.

Wapo wanaosimulia kwamba waliumia kwanza, ndipo wakakasirika. Mimi hasira ilitangulia, na maumivu yalipofika yalikuta nafasi imeshajaa.

"Hata stoo?" nikauliza. Stoo yangu ya mahindi ilikuwa imebebwa na masika yaliyopita.

"Stoo ni jengo," akasema shemeji.

"Na banda la kuku?"

Wazee wakacheka. Shemeji hakucheka. Sasa nakiri kwamba hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Kaka yake alipozidiwa ni yeye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Lakini huruma ya mtu na tamaa ya shamba hulala kitanda kimoja bila kugombana, na kwa shemeji yangu ndivyo ilivyokuwa.

Nilihitaji stoo kwa sababu nilikuwa mfanyabiashara, ingawa ukoo ulipenda kusema "anauzauza maharage". Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Zamani kidogo, debe mbili za maharage zilipita kizuizi cha barabarani zikiwa zimefichwa chini ya mikungu ya ndizi, na moyo wako uko mdomoni. Sasa kila kitu kilikuwa ruksa. Nilishuka Nduruma wakati wa mavuno, nikanunua maharage na mahindi kwa wakulima, nikapandisha sokoni Tengeru. Na kila mwanamke wa soko lile alijua kwamba faida haiko katika kununua wala kuuza, iko katika kutunza. Wakati wa mavuno kila mtu anauza. Kabla ya mvua kila mtu anatafuta. Anayeweza kutunza katikati ya hapo ndiye anayekula.

Mimi nilitunza chumbani. Wanangu walilala wakiwa wamezungukwa na magunia, panya wakawapitia usoni, na dumuzi wakayageuza mahindi kuwa unga kabla ya mashine. Msimu mmoja nilimwaga magunia sita kwa ng'ombe, na ng'ombe nao wakanitazama kama ninayewatukana.

Siku moja nilikwenda mjini Arusha kununua magunia matupu. Katika mitaa ya zamani kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu, babu yake alitoka Pwani, ambaye aliuza mitumba. Nyuma ya duka lake palikuwa na kontena la bati nene, la rangi ya samli, marobota yamepangwa ndani hadi darini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu."

"Jengo hili umejenga lini? Mara ya mwisho sikuliona."

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. "Hili si jengo, mama yangu. Hili ni sanduku. Sijajenga chochote hapa. Limewekwa tu. Halina msingi, halina boriti. Nikichoka na mtaa huu nalinyanyua, naondoka nalo."

"Rudia, mzee."

"Nirudie lipi?"

"Hilo la kuwekwa."

Akarudia, akidhani sisikii vizuri. Nilisikia. Nilisimama pale na magunia yangu kichwani, nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, na kilikuwa kicheko. Wazee walikuwa wamesema asijenge. Hakuna aliyesema asiweke.

Alikuwa na kontena la pili, tupu, uani kwa jamaa yake karibu na gereji. Niliuza ng'ombe wawili wa maziwa, nikarudi. Mzee akanionya kwamba kontena kuukuu halinunuliwi kwa kulitazama nje, maana rangi huficha mengi. "Ingia ndani," akasema, "nikufungie. Ukiona mwanga mahali, hapo panavuja."

Nikaingia. Milango ikagongana, chuma kikalia, kiza kikanifunika. Ndani palinuka nguo za watu wa mbali na kutu. Niligeuka polepole, nikitafuta mwanga, na sikuuona. Hakuna ufa, hakuna tundu, hakuna panya. Kwa muda wa mwaka mzima sikuwahi kuwa mahali ambapo ukoo haukuwa umeweka jicho. Nikagundua kwamba nalia, kwa sauti kabisa, na bati likanirudishia sauti yangu ikiwa nene kuliko ilivyo. Nilipotosheka nikagonga mlango.

"Umeona mwanga?" mzee akauliza.

"Sijaona."

Akaona macho yangu mekundu, akageuka kufunga komeo la mlango. Mtu wa adabu.

Sasa tatizo halikuwa kununua, lilikuwa kufikisha. Lori lingeweza kuja hadi barabara ya vumbi inayopita mbele ya vihamba vyetu. Lakini kutoka hapo hadi uani kwangu kulikuwa na njia ya watu na ng'ombe, hatua kama mia moja, na kila upande wa njia ulikuwa na mstari wa masale. Asiyetoka huku atadhani ni majani tu, mimea ya shina refu yenye majani mapana. Isale ndilo mpaka wetu. Linapandwa na waliokufa, na waliokufa wanalilinda. Ndilo pia la kuombea msamaha: anayekujia na isale mkononi hawezi kurudishwa. Na huchagui isale lipi ulikate kwenye mpaka. Hukati. Anayekata masale ya mpaka amekata ukoo, na hukumu yake haina kikao cha pili. Tena masale hayafi. Kiangazi kikali kinaua kahawa, kinaua migomba, masale yamesimama tu.

Nilikuwa nimepima upana wa kontena kwa kamba ya katani, nikafunga fundo. Alfajiri moja nikaenda kuinyoosha kamba ile njiani, hatua kwa hatua. Karibu kote ilitosha. Penye kona, ambapo masale yalikuwa mengi, fundo liliingia ndani ya majani kwa shubiri mbili.

Shemeji alikuwa amesimama upande wake na kikombe cha chai. "Unapima nini, shemeji?"

"Napima njia."

"Njia haijawahi kuongezeka," akasema, akanywa chai yake. Alikwisha kusikia habari za kontena. Hakukwenda kwa mshili kulalamika, hakupiga kelele, na ukimya ule ndio uliopaswa kunishtua. Alijua masale yatanizuia bila yeye kuinua kidole. Au, bora zaidi kwake, nitayakata.

Lori lilifika siku ya Alhamisi asubuhi. Dereva alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mchangamfu, aliyezoea kubeba saruji. Tulikuwa tumetoka naye mjini, mimi nimekaa mbele kama bibi harusi, na watu wa Moshono walisimama kando ya barabara kututazama. Mashine ya kunyanyua ilikuwa mjini, huku hatukuwa nayo. Kwa hiyo alifanya kama walivyofanya madereva wote wa wakati ule. Alifunga nyuma ya kontena kwa mnyororo kwenye mgrivea mkubwa ulio kando ya barabara, akapanga matairi machakavu chini, kisha akaendesha lori mbele taratibu na kuliacha kontena likiteleza lenyewe. Lilipoanguka upande wa mwisho, ardhi ilitingishika na kuku wa kijiji kizima wakapiga kelele.

Mwenye trekta kutoka Nduruma, ambaye nilikuwa nanunua mahindi kwake, alikuja kuvuta. Wanawake wenzangu wa soko walikuja sita. Tulitandika magogo ya mikaratusi chini ya kontena, trekta likavuta, na kila gogo lililotokea nyuma tulilikimbiza mbele. Tulikwenda hivyo, tukiimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani, hadi penye kona. Pale kontena likagusa majani, trekta likasimama.

Dereva wa lori, aliyetufuata kwa miguu ili aone mwisho wake, akaangalia, akasonya kidogo, akachukua panga lililokuwa kwenye trekta. "Majani haya tu? Dakika mbili, mama." Akainua mkono.

Nilipiga ukelele ambao nadhani hata Kilimanjaro waliusikia. Wanawake wote sita nao walipiga. Mwenye trekta alimrukia, akamshika kifundo cha mkono panga likiwa juu bado. Dereva alibaki kinywa wazi, akidhani amekanyaga kaburi, na kwa kweli hakuwa mbali sana na ukweli.

Ndipo nikamtazama shemeji. Alikuwa amesimama ndani ya masale yake mwenyewe, hatua tatu kutoka kwenye panga lile. Yeye ndiye angepaswa kupiga ukelele wa kwanza, maana ni masale ya baba yake mzazi. Hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa anangoja panga lishuke.

Hapo chuki yangu ikapoa, ikawa kitu kigumu zaidi. Nikawaambia wanawake: "Jamani, nani kasema yakatwe? Leteni magome ya migomba."

Walielewa kabla sijamaliza. Tulikwenda migombani kwangu, tukabandua magome makavu, tukayalowesha mferejini na kuyasokota kamba. Kisha tulishika isale moja moja, chini kabisa karibu na udongo, tukaliinamisha polepole kama unavyomwinamisha mtoto kumwosha kichwa, tukalifunga kwenye lile la nyuma yake. Upande wangu tuliyainamisha kuelekea kwangu. Upande wa shemeji nilimwomba ruhusa, kwa heshima zote, mbele ya mashahidi wanane.

"Shemeji, naomba kuyainamisha ya kwako. Hayatakatika."

Angesema nini? Kukataa ni ruksa. Lakini mashahidi wote walikuwa wamekwisha kuona nani alipiga ukelele na nani hakupiga. Akaitikia kwa kichwa, akasogea.

Kontena likapita. Lilipita kwa upana wa kiganja kila upande, likikwaruza hewa. Tulipofungua kamba, masale yakarudi juu yakitikisika, majani yote mahali pake. Shemeji aliukagua mstari shina kwa shina. Akainama, akaokota jani moja.

"Hilo limekauka lenyewe, shemeji," nikamwambia. "Tangu Krismasi liko hapo."

Kontena likakaa uani kwangu juu ya mawe manane bapa. Sikuchimba hata tundu la kupandia kitunguu.

Baada ya wiki mbili kikao kikaitwa. Safari hii sikupika mtori, nilitoa chai kavu. Shemeji akasema nimeudharau ukoo, nimejenga.

"Msingi uko wapi?" nikauliza. "Nguzo iko wapi? Nani alimwona fundi? Mlisema nisijenge, sikujenga. Nimeweka. Hata sufuria nimeweka, hata kitanda."

Mshili alijifunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yake yalimsaliti. Shemeji akadai basi angalau nimletee isale, niombe msamaha kwa kiburi.

"Isale hubebwa na aliyekosa," nikasema. "Siku ile penye kona, aliyekosa nilimwona, na sikuwa mimi." Hakuna aliyeuliza nina maana gani. Wenye trekta na wanawake wa soko wana midomo, na habari ilikwisha kupanda mlima.

Kontena halikuwa raha tupu. Mwaka wa kwanza lilitoa jasho usiku kucha, maharage ya chini yakaota ukungu, nikajifunza kupanga magunia juu ya mbao na kumwita mtu wa kuchomelea atoboe matundu juu. Shemeji akasema matundu ni madirisha, na chenye madirisha ni nyumba. Nikamwambia tenga la kuku nalo lina matundu, naye aende akaliandikishe. Nikapanda migomba kulizunguka ipunguze jua. Nikauza maharage yangu kabla ya mvua, msimu hadi msimu, na mabinti wakaenda shule.

Na jambo jingine nililifanya, ambalo sikumwambia mtu. Kila masika nilikwenda penye ile kona, nikayapalilia masale. Upepo ulipoangusha shina, sikuliacha lioze. Nililichomeka kwenye pengo, upande wangu tu wa mpaka. Kuchomeka isale hakukatazwi na mtu yeyote. Wazee walipita wakaniona, wakanisifu. "Mke wetu anatunza mpaka." Natunza, baba, nikajibu. Natunza sana.

Mwaka wa kumi, mwezi wa nne, nyumba ya mbao ikaanguka. Ilianguka mchana, kwa adabu, tukiwa sokoni. Wengi walikuja kunipa pole, na wengine walikuja kuona nitaondoka lini. Nilihamia kwenye kontena, hatua ishirini. Nilisogeza magunia nyuma, nikatundika kanga katikati, tukaweka vitanda mbele.

Kikao kikaitwa tena. Shemeji alikuwa amejiandaa miaka kumi, na nakiri kwamba alijiandaa vizuri.

"Mke wetu alisema hakujenga, ameweka," akasema kwa upole. "Nakubali. Maneno ni yake, na ninyi ni mashahidi. Basi kilichowekwa huondolewa. Mtu haweki sanduku lake milele kwenye shamba la ukoo. Aliondoe, aende nalo."

Mabinti wangu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja akanishika kitambaa cha mgongoni. Mshili, ambaye sasa alitembea na mkongojo, akauegemea kwa mikono miwili. "Neno ni lako mwenyewe, mke wetu," akasema. "Kama limewekwa, liondolewe."

"Sawa, baba," nikasema. "Nitaliondoa. Twendeni mnionyeshe pa kulipitisha."

Tukaenda wote. Nilipita kontenani kuchukua vitu viwili, kamba ya katani yenye fundo na panga langu la migombani. Penye kona masale yalikuwa yamepita vichwa vya wanaume, mashina yamenenepa kama michi, yamebanana. Nikampa shemeji ncha ya kamba aishike upande wake, nami nikarudi nyuma kuelekea upande wangu. Nilisimama mgongo ukiwa kwenye majani, fundo mkononi mwangu, na kamba ilikuwa imelegea hadi chini, maana njia sasa ilikuwa nyembamba kuliko kontena.

"Yainamishwe kama siku ile," akasema.

"Inamisha, shemeji."

Akashika shina kwa mikono miwili, akavuta. Akaweka mguu, akavuta tena. Majani ya juu yakacheza kidogo, shina halikusogea. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

Nikamnyooshea panga, mpini ukielekea kwake.

"Basi kata," nikasema. "Ni majani tu."

Alilitazama panga lile. Wazee wote walilitazama. Shemeji yangu akaweka mikono yake nyuma, akaifungia huko.

"Likae," mshili akasema mwishowe.

"Likae mpaka lini?" shemeji akauliza, sauti imekauka.

Mzee akagusa shina mojawapo kwa mkongojo wake. "Mpaka masale haya yafe."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilikusanya kamba yangu. Kulikuwa na shina moja lililoangushwa na upepo wa wiki ile, limelala kando ya njia, na kwa kuwa panga lilikuwa mkononi na udongo una maji, nikachimba shimo dogo nikalichomeka.